Mwana wa Mhunzi: Ufundi wa Buhaya na Mikono ya Kuurithi

Wahenga wamesema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wengi wetu tulifundishwa skuli kuwa maana ya methali hii ni kwamba mtoto hufuata nyendo za mzazi wake, na maana hiyo haina makosa. Lakini aitazamaye kwa makini ataona kuwa ndani yake mna jambo jengine pia: mna habari ya jinsi ufundi ulivyofundishwa kabla ya kuwako skuli. Kusana ni kufua chuma, kazi ya fundi aliyekamilika. Kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto, kazi ya mwanagenzi. Mtoto wa mhunzi hakuambiwa akae asikilize somo la chuma. Alipewa mvukuto, akawa na nafasi yake kazini tangu siku ya kwanza, akawa anafaa kitu. Na huku akivukuta, macho yake yalikuwa yakijifunza yale ambayo mikono yake haijaruhusiwa kuyagusa. Hata asipofikia daraja ya kusana, hakutoka mikono mitupu.

Nimeifanya methali hii kuwa mlango wa makala haya kwa sababu nataka kuzungumzia nchi ambayo iliyeyusha chuma kwa muda mrefu sana, kisha ikaacha katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Nchi hiyo ni Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, katika mkoa ambao leo twauita Kagera. Aishiye Nshambya, kata mojawapo ya Manispaa ya Bukoba, hulala chini ya bati, huvaa nguo ya dukani na hulimia jembe la kununua, kama sisi wa visiwani. Hapana cha kumlaumu kwa hilo. Lakini katika nchi hiyo, kutoka pande za Bukoba kuelekea Muleba, mkulima akichimba shimo la mgomba huweza kukuta mavi ya chuma, yale mabaki mazito meusi yanayobaki tanurini baada ya chuma kutoka. Yeye hukanyaga kila siku ushahidi wa kazi asiyoijua. Basi maswali ni haya: ufundi ule ulikatika wapi, ulikatwa na nini, na hao wanaojaribu kuurejesha kwa vijana wanarejesha nini hasa?

Wazee na tanuri

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika Buhaya mtafiti kijana kutoka Marekani, Peter Schmidt, aliyetaka kuchimba mambo ya kale. Alianza, kwa bahati njema, kwa kusikiliza. Wazee wa Katuruka, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Bukoba, walimhadithia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyewaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Walimwonesha pia mti mkubwa uitwao Kaiija, jina lenye kuhusiana na mahali pa kufulia chuma. Mtu wa haraka angeliandika kuwa hiyo ni ngano, akaenda zake. Schmidt alichimba pale walipoonesha wazee, mwaka 1970, na chini ya ardhi mkakutwa kweli mabaki ya kazi ya chuma, tena ya kale kuliko mfalme mwenyewe kwa karne nyingi. Kumbukumbu ya mahali ilikuwa imeshikiliwa na mdomo na mti, vizazi kwa vizazi, hata baada ya majina ya wahunzi wa mwanzo kusahauliwa.

Jambo lililofuata ndilo linalotuhusu zaidi. Kuyeyusha chuma kutoka katika mawe kulikuwa kumekwisha Buhaya tangu kiasi cha miaka ya 1920. Lakini walikuwapo wazee walioifanya kazi hiyo walipokuwa vijana. Mwaka 1976 wazee hao waliombwa waijenge upya tanuri, nao wakakubali, baada ya kimya cha yapata miaka hamsini.

Walichimba shimo, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu. Ndani ya shimo wakachoma matete ya bwawani mpaka yakalijaza kwa masizi na makaa. Juu yake wakajenga tanuri kwa udongo na vipande vya mavi ya chuma ya zamani, likasimama kama mbuyu mdogo, mfupi kuliko mtu mzima. Kuzunguka chini yake wakaingiza mirija minane ya udongo uliochomwa, wakaisukuma ndani kabisa, na nyuma ya kila mrija wakaweka mvukuto wa ngozi ya mbuzi na mtu wa kuuvukuta. Kisha makaa, kisha mawe yenye chuma yaliyokwisha kuokwa, kisha saa nyingi za kuvukuta.

Majaribio ya kwanza hayakwenda vyema. Kazi iliyolala nusu karne haiamki kwa wito mmoja. Mmoja alikumbuka udongo, mwengine alikumbuka kipimo cha mirija, na walibishana, wakarekebishana, wakarudia. Kwa maneno mengine, ufundi ule haukuwa umehifadhiwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Ulikuwa umegawanyika baina yao, na ilibidi wakutane ili upate kukamilika. Natija ilipopatikana, mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa madini, waliandika katika jarida la sayansi la Marekani kwamba Wahaya na watangulizi wao walikuwa wakitengeneza chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, na kwamba mirija ile iliyoingia ndani ya tanuri iliipasha hewa moto kabla haijaufikia mkaa, hata joto likapita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Hoja ya hewa iliyopashwa moto imebishiwa na wataalamu wengine, na ubishi ni haki ya elimu. Lakini hapana aliyebisha kwamba wazee wale walitoa chuma mbele ya macho ya watu, kwa udongo, matete na pumzi.

Jambo jengine halikupimika kwa kipimajoto. Tanuri lilihesabiwa kuwa ni mwanamke mwenye mimba na chuma kuwa ni mtoto anayezaliwa. Kwa hiyo kazi ilikuwa na miiko yake, ya kujitenga na ya kujizuia, na wavukutaji walikuwa na nyimbo zao. Katikati ya sakafu ya shimo kulitobolewa kijishimo, mkawekwa dawa. Katika matanuri ya kale yaliyofukuliwa pande za Kemondo, kwenye ufuo wa ziwa, vilionekana vijishimo vya namna hiyo hiyo. Basi yaliyorithishwa kwa karne zote hizo hayakuwa kipimo cha udongo peke yake. Mwanagenzi alirithi pamoja na mvukuto wake adabu ya kazi, na hofu yake, na lugha yake.

Merikani iliyopita kwetu

Ni rahisi kusema kuwa ufundi huu uliuawa na Mzungu, tukaishia hapo. Historia haikubali kumaliziwa mapema namna hiyo, na sisi wa visiwani tuna sehemu yetu katika habari hii.

Kabla ya nguo ya pamba kuenea, Wahaya, kama jirani zao wa Buganda, walivaa nguo ya gome la mti wa jamii ya mkuyu, iitwayo lubugo. Fundi hulibandua gome kwa uangalifu, hukwangua tabaka la nje, kisha huliponda la ndani kwa nyundo za mti zenye mifuo, mpaka likatanuka na kulainika, na jua likaligeuza rangi ya udongo mwekundu. Shina lililobaki uchi hufungwa majani ya migomba ili lisikauke. Mti hujifanyia gome jipya, na fundi hurudi tena. Ni ufundi usioua kile unachokula.

Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na kitambaa cheupe kilichofumwa katika viwanda vya huko kikaanza kumiminika Unguja kwa wingi. Tulikiita merikani, na jina hilo tunalo mpaka leo. Kutoka bandari yetu kikachukuliwa na misafara hadi Unyanyembe, na kutoka Unyanyembe hadi Karagwe, jirani ya Buhaya, ambako wafanya biashara wa pwani waliweka kituo chao Kafuro. John Hanning Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe, mwaka 1861, biashara ya pwani ilikuwa imekwisha kumtangulia. Merikani haikumlazimisha mtu kwa bunduki. Ilikuwa nyepesi, nyeupe, yafulika, na aliyeivaa alionekana mtu wa dunia. Miaka kwa miaka lubugo likarudi nyuma, kutoka vazi la kila siku hadi vazi la matanga na matambiko.

Chuma nacho kilifuata njia hiyo hiyo, ila kwa meli kubwa zaidi. Bukoba ilipofanywa kituo cha Wajerumani mwaka 1890, na baadaye reli ya kutoka Mombasa ilipofika kwenye ziwa mwaka 1901, majembe na vipande vya chuma vya Ulaya vilianza kufika kwa bei ambayo tanuri la matete haliwezi kushindana nayo. Hesabu ni nyepesi. Kuyeyusha kunataka makaa mengi, watu wengi, siku nyingi na miiko. Jembe la dukani lataka fedha za kahawa tu, na kahawa Wahaya walikuwa nayo.

Lakini tuangalie vyema nini kilikufa na nini kilibaki. Kuyeyusha mawe kulikufa. Kufua chuma hakukufa. Mhunzi aliacha tanuri, akabaki na fuawe na nyundo, akachukua chuma chakavu cha magari na reli akafanya visu, miundu na mikuki. Watu waliendelea kuhitaji kisu cha kupogolea migomba, wakaendelea kumlipa anayekifua. Fundi anayelipwa hupata mwanagenzi, na mwanagenzi huleta mwanawe. Tanuri halikuachwa kwa sababu wazee walikataa kufundisha wala kwa sababu vijana walikuwa wavivu, kama ilivyo desturi yetu kuwasema. Liliachwa kwa sababu kazi yake ilikosa mtu wa kuihitaji. Hili ni jambo chungu, na kila mradi wa kurithisha ufundi unaolikwepa hujidanganya.

Mabaraza yaliyofungwa

Ufundi mwengine haukuwa na soko, ulikuwa na baraza. Mpiga enanga, zeze la Wahaya lililochongwa mfano wa sinia refu na kufungwa nyuzi, hakuuza nyimbo zake gulioni. Alikaa katika ua wa mfalme, au akaitwa karamuni, akasimulia kwa wimbo vita, mapenzi na vifo vya mashujaa kwa usiku mzima. Kiziba, Ihangiro, Kyamutwara, Kianja na nchi nyengine za Buhaya zilikuwa na wafalme wao, abakama, na nyua zao zilikuwa ndizo skuli za wapiga enanga, wajenzi wa misonge na watengenezaji wa vyombo vya enzi.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliufuta utawala wa machifu. Siandiki haya kwa kuwalilia wafalme; mkulima aliyefanya kazi katika shamba la mwinyi wake alikuwa na sababu zake za kushangilia. Lakini baraza lilipofungwa, hapakufunguliwa chengine mahali pake. Msanii alibaki na wimbo usio na mwenyeji. Ikawa bahati ya lugha yetu kwamba M. M. Mulokozi, mzaliwa wa nchi hiyo, ambaye wapenzi wa ushairi walikwisha kumjua kwa Malenga wa Bara aliyoitunga pamoja na K. K. Kahigi, alikwenda akawarikodi wapiga enanga, akaandika juu ya tendi zao tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986. Maneno yaliokolewa. Mikono ya kupiga ni jambo jengine.

Hapa namkumbuka Aniceti Kitereza, wa kisiwa chenzetu cha Ukerewe, katika ziwa hilo hilo. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akiogopa kuwa vijana hawatajua babu zao waliishi vipi. Alikosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mwenyewe alikuwa ukingoni mwa maisha yake. Ndani yake mna kulima, kuvua, kupika pombe, kutibu, kuposa. Ni hazina. Hata hivyo mwenyewe Kitereza asingedai kuwa aliyesoma ukurasa wa uvuvi anaweza kuingia ziwani kesho yake.

Kazi yangu ni tafsiri, na mfasiri huliona mapema jambo hili: ufundi ukifa, maneno yake huwa mayatima. Kusana, fuawe, mvukuto, mifuo. Msomaji wa leo wa Unguja huyatafutia kamusi, na kamusi humpa neno jengine asilolijua. Neno la kazi huishi mkononi kwanza, ndipo likaishi mdomoni.

Kizazi kilichorukwa

Kisha likaja pigo ambalo halikuuliza kama ufundi una soko au hauna. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliothibitishwa Tanzania walipatikana Kagera. Mkoa ulikuwa umetoka punde katika vita: majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera mwishoni mwa mwaka 1978. Mwaka 1987, katika mji wa Bukoba, karibu robo ya watu wazima waliopimwa katika utafiti walikutwa na virusi. Idadi hiyo ilishuka sana katika miaka iliyofuata, na watu wa Kagera wanastahiki sifa kwa hilo. Lakini waliokufa walikuwa wamekwisha kufa, na wengi wao walikuwa baba na mama.

Mtu akitafakari namna ufundi unavyopita, ataelewa maana yake. Mama humfundisha binti kusuka mkeka. Baba humfundisha kijana kupogoa mgomba, kujua wakati wa kuvuna kahawa, kufunga paa. Bibi na babu huwapo, lakini huwapo kama wasahihishaji. Sasa kizazi cha kati kiliondoka. Bibi wa miaka sabini akajikuta ndiye mama tena, na mjukuu wa miaka kumi akajikuta ndiye mkono wa kazi wa nyumba. Yalipotea pia mambo ambayo hayaitwi ufundi katika makumbusho yoyote: mipaka ya kibanja, majina ya aina za ndizi, wapi pa kukata nyasi katika rweya, yaani mbuga ya malisho, kwa ajili ya kufunika shina la mgomba na kutandika sakafu ya nyumba. Haya ndiyo yaliyoilisha Buhaya.

Nshamba, katika Wilaya ya Muleba, ilipata jibu ambalo naliona lina hekima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 palianzishwa mradi wa Humuliza, kwa ajili ya mayatima. Jina lake kwa Kihaya ni kuliwaza. Kutoka humo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, likatoka shirika la vijana wenyewe, Vijana Simama Imara, lenye vikundi vya kulima pamoja, kuweka akiba na kusaidiana, na viongozi wake ni vijana. Mwaka 2003, papo hapo Nshamba, ukaanza mradi mwengine, Kwa Wazee, unaowapa wazee, hasa mabibi wanaolea wajukuu, pensheni ndogo ya kila mwezi, na nyongeza kwa ajili ya watoto.

Msomaji ataniuliza: pensheni na urithi wa ufundi wapi na wapi? Mimi naona vinakutana. Bibi asiye na chumvi wala sabuni huamka kwenda kulima kibarua kwa jirani, na mjukuu humfuata au hukaa njaa. Bibi mwenye hakika ya chumvi na sabuni anaweza kukaa kitako barazani na ukindu wake, mtoto akiwa ubavuni. Muda wa mzee ndio darasa, na muda huo una bei; asipoulipa mtu, hulipwa na tumbo la bibi mwenyewe. Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi mwezi wa Aprili 2016, kwa kiwango cha mwanzo cha shilingi 20,000. Tuliiona kuwa ni sera ya huruma. Yafaa tuione pia kuwa ni sera ya elimu.

Kurejesha nini?

Katika miaka ya karibu ya 2008 wanakijiji wa Katuruka, kwa hiari yao, waliamua kupaokoa mahali pao. Waliunda kamati, wakakusanya masimulizi kutoka kwa wazee waliobaki, wanaume kwa wanawake, wakaijenga upya nyumba ya kienyeji, wakapatengeneza pawe pa kuzuru wageni. Walimwita Schmidt, yule yule aliyefika kijana, ashirikiane nao. Baadaye aliandika juu ya juhudi hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 2017, na jambo analolisisitiza ni kuwa fikra ilitoka kijijini. Walikuwa na haraka, kwa sababu wengi waliojua walikuwa wamekwisha kuzikwa, ama kwa uzee ama kwa maradhi.

Nalitofautisha tukio hili na lile la 1976. Mwaka 1976 wazee walifanya, mtafiti akaandika. Na maandishi yale yana thamani isiyokadirika, kwa sababu wahunzi wale hawapo tena. Lakini hapakubaki kijiji kinachoyeyusha chuma, na hakingeweza kubaki, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Katuruka hawakudai kurejesha tanuri liwalishe. Walitaka watoto wao wajue wanakanyaga nini. Hiyo ni haja nyengine, na ni haja halali, mradi isichanganywe na ile ya kwanza.

Buganda inatufunza upande wa pili. Ufundi wa nguo ya gome wa Baganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha yake ya kudumu. Huko mafundi wa ukoo wa Ngonge bado wana wanaowahitaji: ufalme, misiba, na siku hizi wabunifu wa mavazi. Mwezi wa Machi 2010 makaburi ya wafalme pale Kasubi yaliteketea kwa moto. Fedha za kujenga upya zilitafutwa kila pembe, lakini paa lile kubwa la nyasi haliezekwi na fedha. Kazi hiyo kwa desturi ni ya watu wa ukoo wa Ngeye, na ilibidi wazee wanaoijua wawafundishe vijana humo humo kazini. Ilichukua miaka mingi. Mwaka 2023 tu ndipo Kasubi ilipoondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ila kwa kujenga, vijana wale walivukuta kwanza, kisha wakasana. Moto ulioteketeza nyumba uliwapa kazi ya kweli ya kujifunzia.

Na sisi Unguja tunalo tuliloliona kwa macho. Chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002 pale Forodhani, kimewafundisha vijana, wasichana kwa wavulana, kanuni, udi na fidla, hata taarab ya kale ikapata vidole vipya. Kilifaulu kwa sababu ziko harusi, ziko hoteli, liko tamasha. Mwanafunzi hupata pa kupiga na hupata ujira. Nacho kiliwahi kufika ukingoni mwa kufungwa, mwaka 2019, wafadhili walipopungua. Chuo kinachotegemea mkono wa mbali ni mvukuto usio na mwenyewe.

Kwa hiyo nathubutu kusema matatu juu ya miradi hii ya kuwarithisha vijana ufundi, iwe Nshambya, Muleba, au kwetu. La kwanza, mradi useme kweli unachokitaka. Kama ni kumbukumbu, basi uandike, urikodi, uonyeshe, wala usimwahidi kijana riziki isiyopo. Kama ni kazi, basi umtafute mnunuzi kabla ya mwanafunzi: nani atakayenunua mkeka huu, nani atakayelala katika msonge huu, nani atakayemwita mpiga enanga harusini na kumlipa sawa na anavyomlipa mwenye spika. La pili, mzee alipwe. Tumezoea kumkalisha mbele, kumpigia makofi na kumpa soda. Fundi ni mwalimu, na mwalimu hula. La tatu, kijana apewe mvukuto tangu siku ya kwanza. Semina ya siku tatu yenye kalamu na daftari haijapata kutoa mhunzi. Apewe kazi ndogo yenye faida, aharibu, asahihishwe, arudie, kama walivyorudia wazee wa 1976 ambao walikuwa wakijifunza upya kazi yao wenyewe.

Hayo hayataki fedha nyingi kuliko zinazotumika sasa katika warsha na mabango. Yanataka subira, na yanataka kuanza sasa. Wale wazee walipojenga tanuri lao, nusu karne ya kimya ilikuwa imepita, na bado walikuwapo wa kutosha kusahihishana. Leo nusu karne nyengine imekwisha kupita tangu moto ule. Wahunzi wa kuyeyusha hawapo tena wa kuulizwa. Lakini Muleba na Bukoba wapo mabibi wanaosuka, wapo wahunzi wenye fuawe, wapo wapiga enanga wachache, na mafundi wanaokumbuka namna ya kuufunga msonge kutoka kileleni hadi chini. Kila mmoja wao ana sehemu yake ya kazi, na wajukuu wao wako nje ya mlango. Aliye na mvukuto na aupeleke.